Msituchagulie farasi, tuchapishieni rekodi yake

Ndugu Mhariri,

Kila mwisho wa juma ukurasa wenu wa michezo huzipa mbio za farasi za Ngong mistari mitatu: saa ya kuanza, majina ya farasi, na jina moja lililokolezwa wino, eti huyo ndiye wa kushinda. Uzito hautajwi, umbali hautajwi, wala hatuambiwi farasi huyo alimaliza wa ngapi mara ya mwisho na nyuma ya nani. Msomaji hana namna ya kukubali wala kupinga. Jina likitokea kushinda, mwandishi anaonekana mganga. Likishindwa, mkeka umechanika na hakuna aliyejifunza kitu. Ombi langu ni dogo: ondoeni utabiri, na nafasi hiyohiyo ichapwe safu moja ya tarakimu kwa kila farasi. Naeleza hapa ni tarakimu zipi na msomaji azifanyie nini.

Kabla ya yote, tutenganishe mambo mawili ambayo vibanda vya kubeti vimeyachanganya. Wale farasi wanaokimbia kwenye runinga za vibandani kila baada ya dakika chache, wenye rangi za kung'aa na vivuli visivyofuata jua, si farasi. Mshindi hutolewa na programu ya namba za nasibu, kisha picha huchorwa kuifuata namba hiyo. Aliyeshinda mara tatu mfululizo hana miguu iliyochoka wala iliyopata moto. Ukimwona mtu na kalamu anaandika kwamba "namba 4 haijatoka tangu asubuhi", mwache aandike, ila usimfuate. Ninayoyasema yanahusu farasi wa nyama na mifupa: wa Ngong, ambako mbio zimekuwa zikifanyika tangu 1954, na wa Uingereza, ambako desturi nyingi za Ngong zilikotoka.

Magazeti ya Uingereza huchapa kando ya jina la farasi mfuatano kama huu: 31/40-2P1. Husomwa kutoka kushoto, mbio za karibuni zikiwa kulia kabisa. Tarakimu 1 hadi 9 ni nafasi aliyomaliza, na 0 ni nafasi ya 10 au nyuma zaidi. Kistari (-) hutenganisha msimu na msimu. Mkwaju (/) huonyesha kwamba msimu mzima ulipita bila yeye kukimbia. Herufi ni misukosuko, hasa ya mbio za kuruka viunzi: F alianguka, U alimwangusha mpandaji, P alisimamishwa njiani, R aligoma, B aliangushwa na mwenzake. Basi farasi wetu huyu alimaliza wa tatu, akashinda, akakosa msimu mzima. Akarudi akawa wa nne, kisha nje ya tisa bora. Msimu huu amekuwa wa pili, akasimamishwa njiani, na juzi akashinda. Hiyo mkwaju pekee inazua swali kubwa kuliko tarakimu zote: kilimuuma nini mwaka ule, na kimepona?

Kosa la wengi ni kuisoma nafasi bila kuuliza walikuwa wangapi na aliachwa kwa kiasi gani. Kuwa wa tatu kati ya wanne ni kushinda farasi mmoja tu. Aliyekuwa wa tano katika kundi la 14, akaachwa urefu wa farasi mmoja na nusu, huenda ana thamani kuliko wa pili katika kundi la wanne aliyeachwa urefu tisa. Urefu mmoja ni kama mita 2.4. Kwenye nyasi kavu sekunde moja huhesabiwa kuwa sawa na urefu sita hivi. Ardhi ikiwa laini, karibu na tano. Chini ya urefu mmoja kuna shingo, kichwa na pua, na tofauti hizo ndogo hazithibitishi lolote. Walioachana kwa kichwa Jumapili hii wanaweza kubadilishana Jumapili ijayo kwa sababu ya kona moja iliyokatwa vibaya.

Ngong ina neema moja: farasi si wengi, kwa hiyo walewale hukutana tena na tena, na unaweza kuwalinganisha moja kwa moja. Lakini msiunge mnyororo mrefu. A alimshinda B, B akamshinda C, C akamshinda D, kwa hiyo A atamwacha D urefu kumi? Kila pingu ya mnyororo huo ina kosa lake, na makosa hujumlishwa. Pingu mbili zinatosha.

Sasa uzito, jambo ambalo kurasa zenu hazijawahi kuligusa na ndilo kiini cha mbio nyingi. Katika mbio za handikapu kila farasi hupewa alama kulingana na alivyokimbia, na alama hizo hugeuzwa kuwa uzito wa kubeba, ili bora alemewe na dhaifu apate nafuu. Uingereza alama moja ni pauni moja, yaani gramu 450 na ushee. Farasi wa kawaida wa mbio za katikati ya wiki huko huwa kwenye alama 60 au 70. Frankel, aliyekimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012 na kushinda zote 14, alifikia 140. Anayeshinda hupandishwa alama, anayeshindwa mfululizo hushushwa. Kwa hiyo mshindi wa juzi si farasi yuleyule leo: mgongoni ana mzigo mwingine.

Hesabu ya mazoea ni hii. Kwenye mita 1,000 urefu mmoja ni sawa na takriban kilo 1.4. Kwenye mita 1,600 ni karibu kilo moja. Kwenye mita 2,400 ni nusu kilo na kidogo, maana mzigo huuma zaidi safari ikiwa ndefu. Tuseme A alimshinda B kwa urefu mbili kwenye mita 1,600, wote wakibeba kilo 57. Leo umbali ni uleule, A anabeba 59.5 na B anabeba 56. Mizani imeegemea upande wa B kwa kilo 3.5, yaani urefu tatu na nusu. Toa zile mbili alizoshindwa: kwa karatasi B anapaswa kumaliza mbele kwa urefu moja na nusu. Zingekuwa mita 1,000, kilo zilezile zingempa B urefu mbili na nusu tu, na angemaliza mbele kwa nusu urefu, kiasi ambacho mlango wa kuanzia ukifunguka vibaya kimekwisha.

Hapo ndipo msomaji mzembe huweka kalamu chini, na ndipo kazi inapoanza. Je, A alishinda akisukumwa kwa kiboko, au mpandaji aliketi kimya na kutazama nyuma mara mbili? Kama alishinda kwa raha, urefu mbili zile si kipimo chake, ni kiasi alichoamua mpandaji kutumia. Ripoti ya mbio husema "alishikiliwa" au "alisukumwa hadi mwisho", na neno moja la namna hiyo lina uzito wa kilo kadhaa. Ndiyo maana nataka lichapwe.

Kuna mianya miwili ya uzito ambayo wajuzi huitafuta. Wa kwanza ni wa siku chache. Uingereza alama mpya hutolewa mara moja kwa wiki. Farasi akishinda Jumamosi na kurudi uwanjani Jumatatu, huongezewa adhabu iliyopangwa, kwa kawaida pauni 5 au 6, hata kama mpimaji, yule anayetoa alama, anakusudia kumpandisha 9. Siku hizo mbili tatu anakimbia akiwa na nafuu ya pauni 3 au 4. Wa pili ni mpandaji mwanafunzi. Huko hupunguziwa pauni 7 hadi ashinde mara 20, kisha 5 hadi ushindi wa 50, kisha 3 hadi wa 95. Mwanafunzi hodari aliyebakiwa na ushindi mmoja kabla ya nafuu yake kukatwa ni zawadi kwa mkufunzi. Mwanafunzi asiyejua kushika mstari kwenye kona, naye huzitapanya pauni zote 7 kwa kuzunguka nje. Angalieni pia kinyume chake: mpandaji akizidi uzito uliopangwa, hutangazwa kabla ya mbio, na kilo zilizozidi farasi hubeba bila kupewa fidia yoyote.

Umbali sitakaa nao sana. Aliyemaliza mita 1,200 akiwa anakuja kwa kasi huku wenzake wanachoka huenda anataka 1,400 au 1,600. Aliyeongoza 1,600 akazimika kwenye mita 200 za mwisho, mrudishe 1,400. Anayejaribu umbali mpya, tazama ndugu zake wa mama mmoja walishinda wapi, lakini usiweke fedha nyingi juu ya ukoo.

Hali ya ardhi ni jambo zito zaidi, na huku kwetu lina msimu wake. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hubadilisha nyasi ngumu kuwa laini ndani ya alasiri moja. Uingereza hupima kwa kifaa chenye ncha kinachochomwa ardhini kisha kuinamishwa, na hutangaza daraja kuanzia ngumu hadi tope zito. Gazeti likisema tu "mvua inatarajiwa" halijasaidia. Tuambieni farasi gani ameshinda kwenye ardhi laini na mara ngapi. Kama hajawahi kuikanyaga, mtazame anavyokimbia. Anayeinua magoti juu na kukanyaga kama anayetwanga huvumilia tope. Anayekwenda chini kwa chini, kwato zikifyeka nyasi, hutaka pakavu. Si sheria, lakini hukosea mara chache kuliko wabashiri.

Namba ya kizimba cha kuanzia hutegemea uwanja. Chester, uwanja wenye mzunguko wa takriban kilomita 1.7 tu na unaopinda kushoto karibu muda wote, aliyepewa kizimba cha nje kwenye mbio fupi huanza akiwa na deni, maana atazunguka njia ndefu au atasubiri nyuma ya ukuta wa makalio ya wenzake. Kundi la watano sita, namba ya kizimba haina uzito huo.

Kundi dogo lina maradhi yake mengine: kasi ya uongo. Hili limewachanganya hata wanaojua hesabu ya kilo. Tafuta katika rekodi za karibuni nani hupenda kuongoza. Kama ni mmoja tu, atatoka mbele bila kusumbuliwa, atapunguza mwendo katikati, atampumzisha farasi, kisha ataondoka wakati walio nyuma bado wanatazamana. Wakiwepo watatu wa aina hiyo watachoshana, na mbio zitamwangukia aliyeketi nyuma akisubiri. Mbio zilizokwenda polepole hutoa matokeo ya kupotosha: wote wanamaliza wamekusanyika, dhaifu anaonekana amemkaribia bora, na wiki ijayo mpimaji anampandisha dhaifu huyo alama asizostahili. Dawa yake ni saa. Linganisha muda wa mshindi na muda wa mbio nyingine za umbali uleule siku ileile, si za mwezi jana, kwa kuwa nyasi si zilezile. Ikiwa farasi wa daraja la chini wamemaliza mita 1,400 kwa muda mfupi kuliko wa daraja la juu waliokimbia nusu saa baadaye, basi wale wa juu walitembea, na matokeo yao yawekwe kando.

Mapumziko: kati ya wiki moja na tatu ni kawaida. Aliyekaa zaidi ya siku 60 huenda ameivishwa mazoezini au huenda hana pumzi, na jibu linajulikana kwa rekodi ya mkufunzi: wapo ambao farasi wao hushinda mara ya kwanza wakirudi, na wapo ambao mbio ya kwanza kwao ni mazoezi. Vifaa navyo vichapwe. Vifuniko vya macho vinavyoziba pembeni, vikivalishwa kwa mara ya kwanza, humwamsha farasi mvivu. Mara ya tatu au ya nne mara nyingi ameshavizoea. Kamba ya kufunga ulimi huwekwa ili ulimi usirudi nyuma na kuziba pumzi, na ikiongezwa kwa farasi aliyekuwa akizimika ghafla mwishoni, hiyo ni habari.

Msomaji anayekwenda uwanjani mwenyewe ana jicho ambalo gazeti haliwezi kumpa. Afike pale farasi wanapotembezwa kabla ya kutandikwa. Atazame hatua: kwato ya nyuma ikitua mbele ya alama ya kwato ya mbele, mwili umelegea na uko huru. Manyoya yang'ae, misuli ya nyonga ichoreke, na mbavu za mwisho zionekane kwa mbali. Tumbo linaloning'inia ni la farasi asiyeiva bado. Lililojikunja juu kama la mbwa wa kuwinda ni la aliyechoshwa na mbio nyingi au safari. Jasho la shingoni siku ya joto si kitu. Povu jeupe kati ya miguu ya nyuma, macho yakizungukazunguka, mkia ukichapa na watu wawili wakimshikilia, hizo ni nguvu zinazomwagika kabla ya kengele. Lakini mlinganishe na yeye mwenyewe: wapo ambao hutoka povu kila mara na hushinda hivyohivyo, na ndiyo sababu ya kuandika kando ya programu kila Jumapili alivyoonekana. Halafu mfuate kwa macho anapokwenda kuanza. Anayekwenda shoti huku anapigana na lijamu, kichwa juu, amekwisha kukimbia robo ya mbio.

Yote haya yakikamilika bado hujafika dirishani, maana farasi bora na dau bora si kitu kimoja. Bei ndiyo inayoamua, au odi kama vijana wanavyoiita, yaani kiasi kinachorudi kwa kila shilingi uliyoweka. Gawanya 100 kwa bei: 2.50 inamaanisha nafasi 40 kwa 100, 4.00 ni 25, 5.00 ni 20, 8.00 ni 12.5, 10.00 ni 10 na 20.00 ni 5. Tuseme hizo ndizo bei za farasi sita wa mbio moja. Jumla yake ni 112.5, ilhali nafasi halisi haziwezi kuzidi 100. Zile 12.5 za ziada ni riziki ya mwenye kibanda, hata kabla mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo swali si "nani atashinda?" bali "nani ana nafasi kubwa kuliko bei yake inavyosema?" Uingereza anayependwa zaidi na wabashiri hushinda takriban mara moja katika kila tatu, anayemfuata kila mara kwa bei ya 2.50 anapoteza polepole huku akishangilia mara kwa mara. Ukikadiria kwamba B wa mfano wetu ana nafasi 25 kwa 100, bei yake halali ni 4.00. Akiuzwa 5.00, mchukue, akiuzwa 3.00, mwache, hata kama unaamini kabisa kwamba anaweza kushinda. Mbio ambazo humwoni aliyeuzwa kwa bei nzuri, usibeti. Kwenye kubeti kwa chungu cha pamoja, kunakoitwa toto, ni tofauti kidogo: fedha zote huingia chungu kimoja, makato huchukuliwa kwanza, na bei ya mwisho haijulikani mpaka dirisha lifungwe.

Na kuna siku hesabu yote huenda na maji. Mwaka 1967, kwenye Grand National, mbio maarufu za kuruka viunzi za Uingereza, farasi waliotangulia waligongana na kusongamana kwenye kiunzi cha 23, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana kwa bei ya 100 kwa 1 (faida ya shilingi mia kwa kila shilingi moja), akapata upenyo na kushinda. Hakuna safu ya tarakimu ingemtaja. Simlaumu mwandishi wenu kwa siku kama hizo. Namlaumu kwa Jumapili nyingine zote.

Kwa hiyo, kwa kila farasi tunaomba: nafasi za mbio sita za mwisho zikiwa na idadi ya waliokimbia, kiasi alichoachwa, umbali na hali ya ardhi, uzito wa mara ya mwisho na wa leo, siku tangu alipokimbia, mpandaji na nafuu yake, na kifaa kipya kama kipo. Ni mistari miwili ya herufi ndogo. Kundi la wanane linatosha katika nafasi mnayoitumia sasa kwa picha ya farasi asiyehusika na mbio za siku hiyo.

Ongezeni na jambo moja kwenye toleo la mtandaoni: farasi aliyeondolewa asubuhi apigwe mstari mara moja. Kwa kanuni za kawaida za Uingereza, wanaokimbia wakiwa wanane hadi kumi na watano, dau la nafasi, yaani la farasi kumaliza miongoni mwa wa mbele, hulipa hadi wa tatu. Wakiwa watano hadi saba hulipa wawili tu. Chini ya hapo hulipa mshindi peke yake. Walioorodheshwa wakiwa wanane na mmoja akaondolewa kwa kuchechemea, aliyeweka fedha zake juu ya wa tatu amekwisha kupoteza kabla ya mbio kuanza, na wengi huja kulijua hilo wakiwa wameshika tiketi dirishani.

Wako,
Msomaji wa kila Jumapili,
Nairobi